Sauti Ipi Imfaayo Mhusika Mkuu Mwenye Giza Moyoni?

Swali: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Jinja. Kikundi chetu kinaandaa tamthilia ya muziki kwa Kiswahili. Mhusika mkuu ni mfanyabiashara wa samaki ambaye nduguye aliuawa ziwani kwa ajili ya mitumbwi. Anaanza kwa kudai haki na kuishia kumwaga damu ya watu wasiomkosea. Tunao waimbaji watatu: kijana wa kwaya mwenye besi nzito sana, mwalimu wa shule anayesema hana sauti maalumu, na teno aliyezoea kuimba na bendi. Wenzangu wanamtaka yule wa besi kwa sababu hadithi yenyewe ni ya giza. Dada mmoja wa kikundi anauliza kwa nini nafasi hiyo isipewe mwanamke. Nyimbo zimetungwa lakini bado hazijafungwa kii, yaani hatujaamua zianzie nota ipi, juu au chini. Je, sauti ipi inafaa zaidi?

Jibu:

Ndugu mwongozaji, nakushukuru kwa kuuliza mapema, kabla nyimbo hazijafungwa kii. Mara nyingi naulizwa wakati mwimbaji ameshapewa nafasi na nakala zimeshagawiwa, nami naombwa nimsaidie mtu apandishe sauti ambayo hakujaliwa kuwa nayo. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Mpe nafasi hiyo baritoni, yaani mwanamume mwenye sauti ya katikati, kati ya teno na besi, na ikiwezekana awe baritoni anayeweza kupanda juu bila kuupoteza uzito wa sauti yake. Kwa jinsi ulivyowaeleza watu wako watatu, wa kwanza ninayemtazama ni yule mwalimu wa shule asemaye hana sauti maalumu, na huko mbele nitaeleza kwa nini kauli yake hiyo imenivutia.

Wenzako wanaotaka besi wana hoja. Masikio yetu yamezoea kuihusisha sauti nzito na umri, ukubwa wa mwili na mamlaka, na mtu mwenye besi akitamka neno moja tu la kuogofya, ukumbi hunyamaza. Hata hivyo, naona wamewachanganya watu wawili wa jukwaani wasiofanana, yaani mwovu wa hadithi na mhusika mkuu aliyeingiwa na giza. Mwovu anaweza kubaki vilevile tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, na hadhira haitamlaumu, kwa maana kazi yake ni kuwa ukuta ambao wengine wanaugonga. Mhusika mkuu hana ruhusa hiyo. Mfanyabiashara wako anaingia akiwa mtu wa watu. Anataniana na watoto wa nduguye, analetewa maiti, anaomboleza, anakwenda kwa wakubwa kudai haki na kurudishwa mikono mitupu, anaapa, anawashawishi vijana wamfuate, anaua, kisha anaua tena bila sababu. Sauti itakayombeba ni lazima iwe na mahali pa kuanzia na mahali pa kufikia, na hadhira iusikie umbali uliopo kati ya sehemu hizo mbili. Besi nzito inakuwa imeshafika tangu wimbo wa kwanza. Watu wataambiana kwenye viti kwamba huyu ataua, na muda wote unaobaki hautakuwa na la kuwafunulia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sweeney Todd, tamthilia ya muziki ya mtunzi Stephen Sondheim, iliyofunguliwa Broadway jijini New York mwaka 1979, inayomhusu kinyozi wa London aliyehukumiwa kwa hila, akapelekwa uhamishoni, na kurudi kulipiza kisasi kwa wembe. Len Cariou, aliyemwigiza kwa mara ya kwanza, alikuwa baritoni. Josh Groban, aliyeichukua nafasi hiyo Broadway mwaka 2023, ni baritoni pia. Na Bryn Terfel wa Wales, aliyeiimba akitokea kwenye opera, ni besi-baritoni. Linalonifundisha zaidi, hata hivyo, ni jinsi sauti nyingine zilivyogawiwa kumzunguka kinyozi huyo. Hakimu aliyemdhulumu amepewa sauti nzito ya chini. Msaidizi wa hakimu, mtu mnyenyekevu wa maneno na katili wa vitendo, amepewa teno ya juu, laini, inayokaribia kupendeza. Uovu umewekwa pande zote mbili, chini na juu, na mtu ambaye tunatakiwa kumfuata kwa moyo amewekwa katikati, mahali ambapo anaweza kuvutwa upande wowote. Tena angalia anachopewa kuimba. Wimbo anaowaimbia nyembe zake za zamani ni wa upole, karibu wa kubembeleza, na mtu asiyejua lugha angedhani anamwimbia mpenzi. Baadaye, anapoikosa nafasi ya kumuua hakimu, muziki unamrarua: mara anafoka na kutishia ulimwengu mzima, mara anamlilia mkewe na bintiye, ndani ya wimbo huohuo mmoja. Mtunzi alihitaji sauti iwezayo kufanya mambo hayo mawili bila kubadilisha mwimbaji.

Katika Les Misérables, ambayo toleo lake la Kiingereza lilianza London mwaka 1985, mgawanyo ni mwingine, nao pia una somo. Jean Valjean, mfungwa anayebadilika kuwa mtu mwema, ni teno. Javert, askari anayemwinda maisha yake yote, ni baritoni. Javert anakaribia kuwa ule ukuta niliousema, lakini anapotikiswa na huruma ya Valjean na kuamua kujiua, anaimba muziki uleule ambao Valjean aliuimba mwanzoni alipoamua kuanza maisha mapya. Ndiyo maana wakati ule unaumiza hivyo. Sikio linakumbuka kwamba muziki huu uliwahi kumpandisha mtu, na sasa unamshusha mwingine.

Tabia hii ya kumpa baritoni mtu mwenye vita ndani yake ilianza zamani kuliko tamthilia za Broadway. Don Giovanni wa Mozart, opera iliyofunguliwa Prague mwaka 1787, ni baritoni, na besi imeachiwa mzimu wa mzee aliyeuawa na Don Giovanni, ambaye anarudi kumchukua muuaji wake kwenda motoni. Verdi, mtunzi wa opera wa Italia, naye akawapa baritoni wahusika wake Macbeth mwaka 1847, Rigoletto mwaka 1851 na Iago mwaka 1887, akiwasukuma waimbe juu kuliko walivyozoea waimbaji wa kabla yake. Alijua alichokuwa akikitafuta katika kuwapandisha hivyo, na hapo ndipo kilipo kiini cha jibu langu.

Kila sauti ina mahali pa kugeukia, yaani pale ambapo mwimbaji hawezi kuendelea kupanda kwa nguvu ileile ya kifua na inambidi abadilishe namna ya kuimba. Kwa baritoni, mabadiliko hayo huanza karibu na B iliyo chini ya C ya kati ya kinanda, na kukamilika karibu na E iliyo juu ya hiyo C. Kwa teno hutokea toni moja na nusu juu zaidi, karibu na D na G, na kwa besi hutokea chini kidogo ya pale pa baritoni. Sasa chukua nota za E, F na G zilizo juu ya C ya kati. Teno aliyefunzwa anazifikia na kuzikalia kwa raha. Zinang'aa, lakini hazimgharimu. Besi akipelekwa huko kwa muda mrefu anapiga kelele, na sauti inapoteza umbo. Baritoni anaziweza, ila anazilipia. Anapanda na uzito wake wote, na hadhira, hata ile isiyojua chochote kuhusu muziki, inasikia kwamba mtu huyu anabeba kitu na kwamba anaweza kukiangusha wakati wowote. Jitihada hiyo inayosikika ndiyo giza la mhusika mkuu. Wala haiigizwi kwa kukunja uso. Imo ndani ya koo na pumzi, na mtunzi anaweza kuiandika kwa kuchagua kii.

Kuna sababu nyingine inayohusu kumbi zetu. E ya chini kabisa ya besi ina mitetemo 82 hivi kwa sekunde, wakati sikio la binadamu ni jepesi zaidi kusikia kati ya mitetemo 2000 na 5000. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha kwamba waimbaji wa opera husikika juu ya orkestra bila maikrofoni kwa sababu sauti zao hujikusanyia nguvu karibu na mitetemo 3000 kwa sekunde, mahali ambapo orkestra haina nguvu nyingi. Kijana wa miaka ishirini hivi mwenye besi bado hajapata mkusanyiko huo, kwani sauti nzito huchelewa kukomaa, na wengi huanza kuonyesha uwezo wao halisi wanapokaribia miaka thelathini au hata baada ya hapo. Chumbani kwenye mazoezi atawasisimua. Ukumbini, ngoma zikianza kulia na gita la besi likiwa kwenye nota zilezile za chini alizomo yeye, utamwona akifungua mdomo na hutapata maneno. Spika za kukodi ndizo zitakazoharibu zaidi, maana mara nyingi hupangwa kwa ajili ya kucheza dansi harusini, na fundi mitambo akiongeza sauti za chini ili kumsaidia, mvumo utaongezeka na maneno yatazidi kupotea.

Sasa nirudi kwa mwalimu wa shule. Kwaya zetu nyingi, za Kianglikana, za Kikatoliki na za makanisa mengine, huimba kwa sauti nne, na katika hizo nne wanaume wamepewa mbili tu: teno na besi. Baritoni ndiyo sauti ya kawaida zaidi kwa wanaume, na katika mpango huo haina kiti. Mwanamume wa namna hiyo anapoingia kwaya anapelekwa kwenye besi, ambako nota za chini zinamtoka kama pumzi tupu, au anapelekwa kwenye teno, ambako shingo inamkakamaa kila Jumapili. Akiishi hivyo kwa miaka kadhaa, anaanza kuamini kwamba yeye ni besi hafifu au teno mbovu, na ukimuuliza atakuambia hana sauti maalumu. Nimekutana na watu wa namna hiyo mara nyingi mno katika kufundisha hapa Kampala, na naomba usimpite mwenzako huyo kabla hujampima. Vilevile usiamini jina alilopewa kijana wako wa besi. Inawezekana naye ni baritoni ambaye bado mchanga na amejifunza kuikandamiza sauti ili wazee wa kwaya wamsifu.

Kumpima mtu hakuhitaji mitambo. Mkalishe karibu na kinanda, umuulize habari za nyumbani na za kazi, na wakati anaongea tafuta kwa kidole nota ambayo sauti yake inairudia rudia. Hiyo peke yake haithibitishi aina ya sauti, lakini itakuonyesha maongezi yake yanakaa wapi. Kisha mwambie amwite mtu aliye ng'ambo ya barabara, "Ee ndugu!", kwa nota unayompigia, na upande nusu toni kila mara. Usimtazame usoni, sikiliza. Utafika mahali ambapo mwito wake unataka kugeuka kelele au kuteleza na kuwa sauti nyembamba ya kichwani. Andika nota hiyo. Rudia zoezi hilohilo kwa irabu "u", polepole na kwa sauti ndogo, kwa sababu mtu anaweza kudanganya kwa nguvu lakini ni vigumu kudanganya kwa upole. Kama alama zako zinaangukia karibu na D na E juu ya C ya kati, na uzito wa sauti unabaki chini yake, umempata baritoni wako.

Baada ya hapo mpe mtihani ambao mimi nauthamini kuliko huo wa nota. Chukua sentensi ya tamthilia yenu, ile ambayo mfanyabiashara anaapa mbele ya jeneza, mwache aiseme kama anavyosema mtu mwenye hasira aliyejizuia, na neno la mwisho aliingize kwenye wimbo bila kuvuta pumzi mpya. Teno wengi wakifika hapo utasikia mtu mmoja amesema na mwingine ameimba, kwa kuwa maongezi yao yako chini na wimbo uko juu. Kwa baritoni, pale anapoongelea na pale anapoimbia pamekaribiana, na mshono hauonekani. Kwa hadhira ya Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Watu wetu wamelelewa na kadongo kamu, ambamo msimulizi mwenye gita huimba kisa kirefu kwa sauti ya katikati iliyo jirani na maongezi, nao humfuata neno kwa neno, wakitikisa vichwa na kujibu. Ukiwapa mhusika mkuu ambaye maneno yake yanapotea, kwa kuwa chini mno au kwa kuwa juu mno, watakaa kimya kwa adabu, lakini hawatakuwa naye.

Sitaki ufikiri kwamba teno hawezi kubeba giza. Michael Crawford, aliyekuwa wa kwanza kuigiza nafasi kuu ya The Phantom of the Opera mjini London mwaka 1986, alikuwa na teno nyepesi, na wepesi huo ndio ulioogofya, kwa sababu mtu aliyejificha chini ya jumba la opera anamteka binti kwa kumwimbia mithili ya malaika. Steve Barton aliyekuwa mpinzani wake katika onyesho hilohilo, yule kijana mpenzi, baadaye alivaa yeye mwenyewe kinyago cha huyo aliyejificha na kuigiza nafasi kuu kwa sauti iliyokuwa na uzito zaidi. Norm Lewis, ambaye ni baritoni, alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuigiza nafasi hiyo Broadway, mwaka 2014, baada ya kumwigiza Javert mwaka 2006. Katika Elisabeth, tamthilia iliyofunguliwa Vienna mwaka 1992, Mauti yenyewe imefanywa kijana mwenye kuvutia, naye Uwe Kröger aliimba kwa sauti nyepesi ya juu. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kuuliza giza la mhusika linafanya nini. Likiwa linatongoza, linanong'ona na kuahidi raha, teno anafaa kabisa. Likiwa ni huzuni iliyogeuka kuwa ghadhabu, kama kwa mtu wako, teno atanifanya nimwonee huruma lakini hataniogopesha.

Besi nayo ina mahali pake. Katika Hadestown, iliyofika Broadway mwaka 2019, Patrick Page aliimba nafasi ya Hades, mfalme wa kuzimu, kwa besi ya chini sana, na hakuna atakayesema alikosea. Ila Hades ni mfalme ambaye ufalme wake umeshasimama. Anayesafiri kwenda kuzimu na kurudi ni kijana mwimbaji mwenye teno. Kama katika hadithi yenu yumo mzee wa mwalo, hakimu, au mzuka wa yule ndugu aliyeuawa, mpe kijana wako wa besi nafasi hiyo, nyimbo chache na nzito, na hadhira itamkumbuka. Akiwa mzuka wa nduguye mhusika mkuu nitafurahi zaidi, kwa sababu aliyekufa habadiliki tena, na sauti isiyosogea itakuwa mahali pake.

Dada aliyeuliza kuhusu mwanamke ameuliza jambo la maana, nami naomba mlifikirie kwa dhati. Kwenye mialo ya ziwa wanawake ni wengi sana katika kukausha na kuuza samaki, kwa hiyo mfanyabiashara mwanamke hatakuwa mgeni kwa mtu yeyote ukumbini. Verdi alipokuwa akizungumzia nafasi ya Lady Macbeth, mke wa Macbeth, aliandika, mwaka 1848, kwamba mwimbaji mmoja maarufu wa soprano hakufaa kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri mno. Yeye alitaka sauti yenye ukali, iliyobanwa na yenye giza. Ukichagua mwanamke, kanuni ni ileile: tafuta mezo-soprano (sauti ya kike ya katikati) au alto ambaye sauti yake ya kifua ni ya kweli, anayeongea na kuimba mahali pamoja, na ambaye akipandishwa analipia. Soprano nyepesi mwachie mjane au binti, ili masikio yapate tofauti. Mkifanya hivyo itabidi mwandishi aguse maneno, hasa mahali ambapo mamlaka ya mhusika juu ya vijana wa mitumbwi yanategemea kuwa mwanamume, lakini hilo laweza kuitajirisha hadithi.

Naona baadhi ya wenzetu wakidhani kwamba tamthilia ya muziki yenye giza ni kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo, na kwamba ili iwe nzuri ni lazima isikike kama London au New York. Byron Kawadwa aliandika kwa Kiganda Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo juu ya uroho wa madaraka, uliopelekwa Lagos katika tamasha la FESTAC la mwaka 1977. Mwaka huohuo alikamatwa na watu wa utawala wa Idi Amin, akauawa. Nchi hii ililipa gharama kubwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa nyimbo, na kikundi cha Jinja kinachotunga kwa Kiswahili leo kina haki ya kusimama juu ya msingi huo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kuhusu kii na maneno, mwambie mtunzi wenu mambo machache. Nafasi hii iandikwe kuanzia A ya chini ya baritoni hadi F iliyo juu ya C ya kati, na G itumike mara moja au mbili tu katika onyesho zima, wakati wa kiapo na wakati wa mauaji ya mwisho. Sehemu kubwa ya nyimbo ikae kati ya C ndogo, ile iliyo oktava moja chini ya C ya kati, na D iliyo juu ya C ya kati, ili mwimbaji aweze kusimulia bila kuchoka. Nyimbo za mwanzo, zile za utani na watoto, zisipite D kabisa. Kila tendo linapozidi kuwa baya, nyimbo zipande nusu toni au toni moja. Watazamaji hawatajua kilichofanyika, lakini watahisi kwamba mtu huyu anabanwa.

Watunzi waliolelewa katika Kiganda, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa toni kunaweza kubadilisha maana, huwa waangalifu mno na mwendo wa melodi. Katika Kiswahili uangalifu huo uhamie kwenye mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nota ndefu ya juu ya neno "kisasi" ikae kwenye "sa", na ya "damu" ikae kwenye "da". Ikiwekwa kwenye "si" au "mu" neno litasikika kama limevunjika, na baritoni atajikuta akiwa juu ya E kwa irabu nyembamba inayomkaba koo. Irabu "a" na "o" zimfungulie njia huko juu, na "u" mwitumie chini, kwa minong'ono na vitisho, maana ina giza lake la asili.

Jambo la mwisho ni la afya, na nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona vijana wakiharibika. Mwimbaji yeyote mtakayemchagua asijaribu kuifanya sauti yake iwe nyeusi kwa kulisukuma koromeo chini, kumeza ulimi au kunguruma. Sauti inayomezwa hivyo inamfurahisha mwimbaji kichwani mwake, haifiki safu ya kumi, na baada ya maonyesho machache nyuzi za sauti huvimba. Mayowe ya mauaji yapangwe na kufanyiwa mazoezi kama nota nyingine yoyote, kwa pumzi ya kutosha na koo lililolegea, na yasifanywe kwa nguvu zote katika kila zoezi. Akipata ukavu wa sauti upunguzeni mzigo siku hiyohiyo; ukidumu zaidi ya wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo bila kubembelezwa.

Kwa hiyo wapime wote watatu, na yule dada pia akikubali, kwa wimbo mmoja wa kiapo katika kii tatu tofauti, mwanzoni mwa mazoezi na tena mwishoni wakiwa wamechoka, na uandike nani alibaki na maneno yake. Kama kwaya yenu husoma kwa solfa, yaani nota za do-re-mi, kuhamisha kii hakutawapa shida, kwani "do" inahama tu, na mzigo utabaki kwa mpiga kinanda na wapiga gita. Ikiwa mwalimu wa shule atakosa ujasiri wa kuigiza ingawa sauti anayo, mpe teno nafasi hiyo, lakini hapo mtunzi apandishe nyimbo zote toni moja na nusu, ili naye afike mahali ambapo sauti inamgharimu.